Madirisha Yaliyotazama Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika msumeno wala randa. Mkuu wa Karakana, mzee mfupi mwenye penseli sikioni, alinipa kigoda akanipeleka kwenye nyumba ya mwalimu tuliyokuwa tunaikarabati hapa Ifakara.

"Kaa humu ndani," alisema. "Saa nane nitakuja kukuuliza."

"Kuniuliza nini, mzee?"

"Jua limekupiga wapi, na upepo umetokea wapi."

Nilikuwa binti wa miaka ishirini, seremala mwanamke pekee kwenye karakana ile, nikajua kwamba nimewekwa pembeni kwa sababu ya gauni langu. Nilinuna hasa. Saa nane ilipofika nilimjibu kwa hasira kwamba jua limeniunguza shavu la kushoto na upepo sijauona kabisa. Akafurahi kama nimemletea zawadi. "Basi dirisha hili liko pasipo pake. Kesho tutalihamisha." Kumbe kila fundi wa pale alianzia hapo. Kazi hiyo tuliiita kukalia chumba, na fremu haikupimwa kabla yake.

Ninyi vijana mnaofunga madirisha siku hizi, nisikilizeni kidogo. Bonde letu lina joto na maji, kwa hiyo dirisha lina kazi tatu: kuingiza hewa, kuzuia jua, na kumwacha mbu nje. Sisi tulitengeneza luva, yaani vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari ndani ya fremu, mvua isipenye lakini upepo upite. Nyuma yake tuliweka wavu. Dirisha la pili liliwekwa ukuta wa mkabala, kwa sababu upepo ni kama mgeni mwenye haraka: asipoona mlango wa kutokea, haingii. Nasikia nchi za baridi wanaweka vioo viwili kwa pamoja ili joto lisitoke. Sisi tunahangaika lisiingie, lakini akili ni ile ile, nyumba ijisaidie yenyewe kabla ya kuomba umeme.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Sanje, chini ya Msimamizi wa Majengo aliyekuwa mkali kwa mbao kuliko kwa watu. Huko upepo hushuka kutoka mlimani jioni, na alitufundisha kuupokea kwa madirisha mapana upande huo. Siku moja nilimwomba mninga, mti mgumu unaopendwa na mafundi wote. Akanitazama juu hadi chini.

"Mninga ulikuwa msituni kabla ya babu yako kuzaliwa," alisema. "Mtiki tumeupanda wenyewe, na tutaupanda tena. Chukua mtiki."

Nilichukua, nikinung'unika. Luva zile za mtiki bado zipo, na mlima ule nao bado una miti.

Kisha yakaja madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Siyachukii, maana hayaliwi na mchwa na yanang'aa. Ila dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, na kioo kikipigwa na jua la mchana huingiza joto kisha kikalifungia ndani. Nami nilijua yote haya vizuri wakati nilipofanya kosa ninalotaka kulisimulia.

Nilikuwa fundi mkuu wa kampuni ndogo ya ujenzi. Tulipewa kujenga wodi ya wazazi kwenye zahanati moja ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Jina la kijiji naliacha. Mnajua desturi yetu: nyumba sharti itazame barabara, hata kama barabara iko upande wa kuchomwa na jua. Barabara ile ilikuwa magharibi. Mchoro ulionyesha vioo vikubwa vinne upande huo, na ukuta wa nyuma mtupu.

Nilimwambia Mhandisi wetu, "Bosi, jua la alasiri litawamaliza kina mama."

"Fundi, wageni watapita barabarani. Waone vioo au waone matofali? Tutaweka feni."

Ningeweza kubisha. Ningeweza kumwomba siku moja tu ya kukalia chumba. Nilibakiza miaka miwili kustaafu, nikaufyata. Mimi, niliyezaa watoto wanne kwenye bonde hili hili, nilifunga vioo vile vinne kwa mikono yangu, nikavipangusa mpaka nikajiona usoni.

Miezi michache baadaye Sista, muuguzi mfawidhi wa zahanati ile, alinipigia simu. Hakunisalimia.

"Fundi, njoo ulale kwenye wodi yako."

Nilikwenda kesho yake mchana. Vitanda vilikuwa vitupu. Wazazi walikuwa wamelala nje kwenye mikeka, nyuma ya ukuta, watoto wachanga wamefunikwa khanga kwa ajili ya mbu. Ndani, feni mbili zilikuwa zinazungusha joto lile lile. Sista alinionyesha betri za sola.

"Feni zinakunywa umeme tangu asubuhi," alisema. "Giza likiingia, betri zimekwisha. Nazalisha nikiwa nimeng'ata simu mdomoni kwa ajili ya tochi. Ipo siku nitampoteza mtu, Fundi, na sitasema ni Mungu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilitaka kumlaumu Mhandisi, lakini vioo vile nilivifunga mimi.

Nilimwomba Mhandisi aje kukagua. Alikuja saa tisa, na Sista, mjanja kweli yule mama, akamwomba aketi wodini wakati anatafuta kitabu cha wageni. Kitabu kilikuwa mezani kwake. Alikitafuta saa nzima.

Mhandisi alianza kwa kulegeza kola. Akahama kitanda. Akahama tena, akaishia kusimama kwenye ukuta wa nyuma ambao haukuwa na dirisha.

"Hapa ndipo palitakiwa," alisema peke yake. Kisha akanigeukia. "Kwa nini hukunikatalia?"

"Niliogopa, bosi."

Alivitazama vile vinne, akasema, "Mimi nilijivunia vioo."

Tulitoboa ukuta wa nyuma na kuweka madirisha mapana ya luva za mtiki, na wavu ndani. Vioo viwili vya magharibi tuliviziba kwa tofali. Viwili vilivyobaki tulivijengea bapa la zege lililotokeza juu yake, vipate kivuli. Siku tulipomaliza, upepo ulipita ndani ukapeperusha karatasi za Sista hadi uani. Alizikimbilia akiwa anacheka. Feni zilizimwa, na tangu hapo taa za kuzalishia zinawaka mpaka kunakucha.

Sasa nimestaafu, nipo Katindiuka na shamba langu la mpunga, na goti linalotabiri mvua. Vijana wanakuja kuniuliza, wengine na michoro kwenye simu, na nafurahi kwamba wanauliza kabla ya kumwaga zege. Najua watatujengea nyumba nzuri kuliko zetu. Lakini ile miezi ya kina mama kulala nje nilikuwa nimeibeba moyoni, na hakuna sifa ya kazi iliyonipunguzia.

Mwaka huu nilikuwa sokoni Ifakara, mwanamke mmoja mwenye watoto wawili akanisimamisha. "Shikamoo mama. Wewe si ndiye fundi wa wodi yetu ng'ambo? Nimezalia pale."

"Marahaba mwanangu. Ulizalia kabla ya kutoboa ukuta, au baada?"

"Huyu mkubwa, kabla. Nililala mkekani siku mbili."

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya wauza samaki, machozi yakinitoka. Alinishika mkono kwa mshangao.

"Usilie, mama. Huyu mdogo nimemzalia baada. Nililala kitandani usingizi ule, mpaka Sista akaniuliza kama nimehamia."