Dawa ya Usingizi Iliyomlaza Mwanangu

Majina siyasahau. Niulize nani alizaliwa nyumba ipi, nani aliolewa Matai, nani alifiwa mwaka wa nzige, nitakujibu. Hapa siandiki hata moja, kwa kuwa wengine wako hai na sikuwaomba ruhusa, lakini yote ninayo. Kusoma kwenyewe nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwanangu mgongoni.

Huyo wa mgongoni ndiye ninayemsimulia. Alikuwa hajafikisha miaka miwili, ngiri aliyozaliwa nayo, ule uvimbe wa kinenani, ikakaza. Tumbo likawa gumu, akatapika, mwisho akaacha hata kulia. Lori la mahindi likatubeba hadi Sumbawanga, hospitalini, wakasema apasuliwe siku hiyohiyo. Mtoa dawa ya usingizi alikuwa kijana wa kutoka Mbeya. Aliniacha nimpakate mwanangu mpaka dawa ilipomshika.

"Ataamka, baba?" nikamuuliza.

"Nitakaa kichwani pake mpaka aamke, mama. Na akiamka atalia sana. Ushukuru kwa kilio hicho."

Alilia. Mimi sijasikia wimbo mtamu kama ule.

Ila nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Yeye alisema usingizi wa Mungu humrudisha mtu mzimamzima, bali ule wa chupa hubaki na kidogo cha akili yake. Toka siku hiyo mtoto akiangusha kibuyu, ni dawa. Akisahau alichotumwa, ni dawa.

Kisha tukahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, makaburi yakabaki kwenye mahame. Mama mkwe akaogopa wazee watapotea. Basi kila jioni tukiota moto, maana baridi ya Ufipa haina huruma, wajukuu walitaja majina ya wazee wetu, toka wa karibu hadi wa mbali kabisa. Wenzake waliyamimina kama maji. Wangu alifika la tatu, akakwama, akabaki kuutazama moto.

"Umeona?" mama mkwe akaniambia. "Na huyu ndiye unataka aende shule? Atakwenda kula vumbi la chaki tu. Abaki nami, achunge mbuzi."

Mume wangu akaendelea kuchochea moto. Mama yake akisema, kwake limekwisha.

Nami niliogopa, nisiseme uongo. Mjukuu wangu aliye muuguzi ananiambia hata leo wataalamu bado wanaulizana. Kumlaza mtoto kwa dawa mara moja, kwa muda mfupi, hakujaonekana kumharibu akili. Wanaolazwa hivyo tena na tena ndio bado wanawachunguza. Wakati ule nani wa kuniambia hayo? Nilichojua ni kwamba mimi nisiyesahau nimezaa anayesahau, na mlango wa shule unafungwa.

Mvua zilipokaribia kuisha tukaenda kulima ntumba. Hayo ni matuta yetu ya duara: unakusanya nyasi, unazifukia kwa udongo, zinaozea humo, juu unapanda maharage. Mtoto alinifuata na kijembe chake. Nikamwambia, "Hili ni la babu yako." Nikataja jina. "Mpe nyasi zake." Akaweka nyasi, nikafukia. Tuta la pili, mzee wa pili. Tukaenda hivyo hadi mwisho wa shamba, na kesho yake akatangulia mwenyewe, anagusa tuta kwa mguu, anataja. Jioni kwenye moto akakwama palepale pa siku zote. Asubuhi shambani, hakuangusha hata mmoja.

Nilingoja maharage yatoe majani, nikamwomba mama mkwe twende kuchuma mboga.

"Mama," nikasema tulipofika, "mwache atangulie kidogo."

Mtoto akatembea. Tuta, jina. Tuta, jina. Mama mkwe aliendelea kuchuma, kisha mikono ikasita, kisha akawa anamfuata nyuma, midomo ikicheza. Yalipita majina ya wazee ambao hata mume wangu huwa anawachanganya. Akamaliza wote. Mwisho kabisa kulikuwa na tuta moja dogo, bovubovu, ambalo sikulilima mimi. Akaligusa, akataja jina la yule kijana wa Mbeya, nililokuwa nikilitaja kwenye sala mtoto akinisikia.

Mama mkwe akashtuka. "Huyo nani? Huyo si wa ukoo wetu!"

"Ndiye mtu wa Mbeya aliyenilaza hospitalini, Bibi. Akakaa mpaka nikaamka."

Bibi mtu akanitazama. Mimi nikayatazama maharage.

"Mtu wa Mbeya! Kwenye shamba langu!" Akainama, akalibonyeza lile tuta kwa vidole. "Na umemfukia vibaya. Nyasi zote ziko nje. Lete udongo."

Wakalitengeneza pamoja. Alipoinuka akapangusa mikono kwenye kanga, akachukua kikapu chake.

"Shule wakifungua mpeleke," akaniambia. "Mbuzi nitachunga mwenyewe."