Alama ya Nyundo

Lugembe wa Puge alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama yake alisema hivyo, na mkewe Koleta akaongeza kwamba ndoa haikumpunguzia kitu. Miaka tisa alifanya kazi katika kiwanda cha mbao huko Usinge, na kila jioni alimalizia kwa kugonga kila ubao nyundo ya chuma yenye alama ya kampuni, pembetatu ndani ya duara. Mwenye kampuni, Bwana Masele, hakumwamini mtu. "Usiruke hata mmoja," alimwonya.

Mwaka 1955 msumeno ulimkata Lugembe mkono wa kulia kwenye kifundo. Mahakama ya Tabora ikaamuru kampuni imlipe fidia. Tarishi alipofika Usinge kukamata mali, alikuta unga wa mbao na kigoda cha miguu miwili.

Lugembe akaenda Cheyo, pale pale Tabora mjini, kwenye nyumba mpya ya Masele.

"Aliyekuajiri ni kampuni, na kampuni imekufa," Masele alimjibu barazani, akicheka. "Mimi ni Masele tu."

Lugembe aliumia, lakini macho yalikuwa juu, kwenye boriti.

"Baba Getruda, mwenye nguvu mpishe," Koleta alimsihi nyumbani.

"Nimpishe, halafu wewe ulime peke yako, watoto wale nini? Sipishi."

Akarudi mahakamani. "Bwana Hakimu, naomba twende Cheyo. Si mbali."

Hakimu alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho yake, akakubali. Lugembe akawatembeza nyumba nzima, akionyesha kwa mkono wa kushoto: boriti, milango, kitanda cha bwana, hata kijilango cha banda la kuku. Kila mahali, pembetatu ndani ya duara.

"Mbao hizi ulizinunua kwa kampuni?" hakimu akamwuliza Masele. "Stakabadhi iko wapi?"

Masele alikasirika. "Stakabadhi ya nini, Bwana Hakimu? Mtu hujiuzia mwenyewe?"

Hakimu akamgeukia karani aliyekuja naye.

"Karani, liandike neno hilo kama lilivyo," hakimu akasema. "Kama Masele na kampuni ni mtu mmoja wakati wa kuchukua, basi ni mtu mmoja wakati wa kulipa. Fidia itatoka kwako, na kwenye nyumba hii ikibidi."

Masele akaigeukia boriti, akaipapasa ile alama. Ilikuwa imezama vizuri.

"Nani aligonga hizi zote?"

Lugembe akainua kigutu chake.

"Mkono huu, bwana. Ulisema nisiruke hata mmoja."