Mpira wa Kumrudishia Mzee

Mwaka wa pili wa korona, mji ulipofungwa, kazi yangu haikufungwa. Kila asubuhi nilipanda treni tupu pale Doonside, mtaa niliohamia ugenini, barakoa usoni, nikashuka kituo kinachofuata, Blacktown, kumhudumia mzee wa miaka sabini na mitatu. Kusaidiwa kuoga alikataa siku ya kwanza. Kazi aliyonipa ilikuwa moja tu, kuokota mipira.

Ujanani alilipwa mshahara Amerika kwa kurusha mpira wa besiboli. Uzeeni bado alikuwa na timu, ya wazee waliowahi kulipwa kama yeye, na mashindano yao hayakuwa ya mchezo. Alikuwa ametundika godoro kuukuu uani na kulichora duara katikati. Anarusha, naokota, nampelekea mpaka mkononi, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko.

"Nitupie," aliniambia.

"Nakuletea, mzee."

"Nimesema nitupie."

Nikampelekea. Mimi ni mtu wa Tanga, sikulelewa kumtupia mtu mzima kitu kama mbwa anayetupiwa mfupa. Na nikishupaa, nimeshupaa.

Msimu wao ulipokaribia kufunguliwa, binti yake alinipigia simu kutoka jimbo jingine; mipaka iliyofungwa ilimzuia asije. Baba yake alikuwa ameanguka bafuni wakati wa baridi, na binti alikuwa ameshaandika barua ya kumtoa timuni.

"Kurusha najua anaweza," alisema. "Lakini mpira ukipigwa ukamrudia usoni, ataudaka? Wewe ndiye unayemwona. Ukisema hawezi, naituma leo."

Mzee alikuwa nyuma yangu, anasikia kila kitu. Hakunibembeleza. Aliiangalia glavu yake ya kudakia tu.

Niliona aibu. Miezi miwili nimempelekea mipira kama mtu anayepeleka chai, na kwa adabu yangu hiyohiyo sikuwahi kuiona mikono yake ikidaka. Nikamwambia binti asubiri.

Tukatoka uani. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikamwomba marehemu mama yangu msamaha kimoyomoyo, nikatupa. Mpira ukaangukia miguuni pake.

"Mjukuu wangu anatupa zaidi ya hapo," akasema.

Hapo akanipandisha mori. Nikautupa kwa hasira zangu zote, ukaenda moja kwa moja usoni kwake, nami nikafumba macho kwa woga. Nilisikia ngozi ya glavu ikilia pa. Nilipofumbua, mzee alikuwa palepale, glavu mbele ya pua, wala hahemi. Tulirudia mpaka bega likaniuma mimi. Nikampigia binti yake, nikamwambia anadaka.

Mji ulipofunguliwa, nilikwenda kumtazama akicheza siku yangu ya mapumziko. Nilitegemea kuona wazee wakijifurahisha. Mmoja alifunga bandeji magoti yote mawili, mwingine aliegemeza fimbo yake ya kutembelea kwenye benchi ndipo akashika gongo la kupigia mpira. Lakini mchezo ulipoanza nilishika mdomo. Hawakukimbia sana, ila kila mpira ulipotua ulimkuta mtu ameshafika, kana kwamba walikuwa wameahidiana nao. Nilijisikia mdogo mbele yao, na nilifurahi kujisikia hivyo.

Mzee wangu akarusha. Gongo likalia, na mpira ukamrudia usoni kwa kasi ambayo mimi hata kwa hasira nisingeiweza. Safari hii sikufumba macho. Mkono wake ulinyanyuka bila haraka, ukaufunika. Mpigaji akawa ametolewa, na zamu ya wapinzani ikaishia hapo.

Wenzake walimpigapiga mgongoni. Akawapita, akaja mpaka kwenye kijilango cha uwanja nilipokuwa nimesimama. Nilikinga viganja nikijua atanitupia. Hakutupa. Alinisogelea, akavua glavu akaibana kwapani, akanipa mpira kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko.