Neno Nililomkatiza Mama

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, siku niliyomfunga mama yangu mdomo kwa elimu. Ilikuwa kiangazi, Kitangari, miaka ile bendera ya Mwingereza ingali ikipepea bomani Newala. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Uganda, nimepata kazi ya kufundisha Masasi, na mfukoni nilichomeka kalamu mbili, ingawa moja haikuwa na wino.

Mama alikuwa mjane. Baba alipokufa alizikwa Masasi, kwenye makaburi ya kanisa, naye mama akarudi kwao Kitangari kukaa karibu na kaka yake, kama ilivyo desturi yetu Wamakonde. Siku hiyo alikuwa akinibangulia korosho. Akasema, "Danieli, kaa vizuri. Siku nitakapoondoka, nataka..."

"Mama!" nikaruka. "Usijichurie! Una afya kuliko mimi."

"Afya haizuii maneno."

"Basi tutazungumza Krismasi. Nitakuja na daftari, niandike kabisa."

Alinitazama kidogo. "Haya, bwana mwalimu. Kula korosho."

Nikala. Nilikuwa nimesoma habari za wafalme waliokufa, tena kwa tarehe, lakini kifo cha mtu mmoja aliyenizaa sikutaka hata kitajwe. Hofu ile niliiita mapenzi.

Kabla ya mvua za kwanza akaja mtu Masasi na habari: mama ameanguka shambani, upande mmoja umekufa ganzi, na hasemi. Nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua korosho, nikakaa juu ya magunia matupu, na njia nzima nikawa najaribu kuimalizia sentensi yake. Anataka nini? Azikwe wapi? Nani aitwe, nani asiitwe? Kila lori lilipokwama mchangani nilishuka kusukuma, nikiwaza kwamba huenda anakata roho wakati mimi nasukuma gurudumu.

Nilimkuta hai. Lakini uani walikuwa wamekaa wazee wawili wasiotazamana: mjomba, mkubwa wa ukoo wetu, na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mhudumu wa kanisa aliyetoka Masasi kwa baiskeli, nusu ya njia akiisukuma.

"Shikamoo, mjomba. Shikamoo, baba."

"Marahaba, msomi," mjomba akasema. "Mwambie huyu baba yako kwamba binti wa Kitangari huzikwa na wenzake."

"Kaka yangu yuko peke yake pale kanisani," baba mdogo akajibu. "Walifunga ndoa mbele ya padri, si mbele yako."

"Mbele ya padri, kwa idhini yangu!"

Kisha wote wakanigeukia. "Wewe ndiye mama yako aliyekuwa akikuita kila mara," mjomba akasema. "Alikuambia nini?"

Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi. Ningesema Masasi, kwa kuwa ni karibu na kazini kwangu. Nikasema, "Alitaka kusema. Nilimkatiza."

Mjomba hakunipigia kelele, heri angepiga. "Sisi ambao hatukusoma huogopa kifo tukikiona. Wewe umeogopa jina lake. Ingia ukamwulize."

"Sasa? Akiwa hivi?"

"Ulimtaka awe vipi?"

Ndani, mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa amekaa kando ya kitanda. Nikaushika mkono ulio mzima. "Mama, kama ni ndiyo, nibane. Ulale hapa Kitangari?" Mkono ukatulia. "Masasi, kwa baba?" Ukatulia vilevile. Macho yake yalikwenda mlangoni, ilikokaa mitungi ya maji. Mama mdogo akachota maji kwa kata akampa, lakini mama akafumba mdomo. Akaitazama tena mitungi.

Mama mdogo alikuwa ameteremka naye bondeni kuchota maji maisha yao yote, wakiondoka kabla ya jogoo na kurudi jua likichoma. Akaiweka kata chini taratibu.

"Dada," akasema, "unaogopa maji ya msiba?"

Alinibana hata vidole vikaniuma.

Msiba wa mtu mzima huko juu kwetu, kusiko na kisima, tena kiangazini! Watu mia wanywe, wapikiwe, marehemu aoshwe, na kila tone lipandishwe mteremko kichwani mwa wanawake wa nyumba ile ile iliyofiwa. Sisi wanaume tulikuwa tukigombea udongo. Yeye alikuwa akiihofia shingo ya mdogo wake. Nikauliza: waombolezaji waje na maji yao? Akabana. Arobaini isubiri mvua? Akabana. Niliporudi kwenye suala la kaburi alikuwa amechoka, amefumba macho. Hakunibana tena. Alifariki siku ya pili yake.

Tulimzika Kitangari, maana mjomba alikuwa na sauti kubwa zaidi. Watu walikuja na mitungi na madebe, na hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyeteremka bondeni siku zile. Hilo tulilipata. La kaburi sijalipata mpaka leo, na baba mdogo alikufa akiamini kwamba nililijua nikalificha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, mwanangu, mzazi wako akianza kusema "siku nitakapoondoka", acha kula, acha kila kitu, usikilize. Kuyataja mauti si kuyaita. Mwulize atalala wapi, atavishwa nini, msiba wake utamwelemea nani; wala usidhani hofu yake ni sawa na yako. Tena asikuambie peke yako. Aitwe mjomba, waitwe na wa upande wa baba, kila mtu asikie kwa masikio yake. Mficha maradhi kifo humwumbua. Asiyeuliza wosia huumbuliwa mbele ya wafiwa wote.

Mimi nimejaribu kwa wanangu wa kuwazaa. Nilianza vizuri, tukiwa mezani, na mkubwa akaruka: "Baba, usijichurie!" Nikala wali wangu, kwa sababu mtu yule nilimfahamu sana. Jumapili hii naanza tena, na safari hii nafunga mlango kwanza.

Mungu akujalie wazazi wa kuwauliza, na muda wa kuwauliza. Akupe masikio kabla ya machozi. Nao waondoke wakiwa wamekwisha kusema yote, nawe ubaki ukilala usingizi.