Kura za Mama Nkwimba zilivyosagwa kwenye karasha, ikabidi tupange mstari mbele ya mabosi

Mwangaluka wakuu, na nyie wa mjini habari zenu.

Hii sio chai. Nilikuwepo mwenyewe.

Mimi naendesha winchi kwenye duara moja la dhahabu, porini huko kati ya Kahama na Geita. Nashusha wachimbaji shimoni na kuwapandisha.

Mwaka jana kikundi chetu kilichagua mwenyekiti. Wagombea wawili walikuwa vigogo: Mzee Masanja, mwenye duara na bosi wangu, na Luhende, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

Akajitokeza wa tatu, Mama Nkwimba. Huyu yuko mwaloni, pale tunapooshea dhahabu, anaosha marudio, yaani mchanga ambao wenye mali wameshaosha wakauacha. Watu walicheka mpaka basi.

Kumbe mama yuko siriasi. Kuna tajiri alitaka kuununua mwalo wote azungushie uzio, na wale wawili walishakubali chini chini. Akina mama wanaoosha pale, mke wangu akiwemo, wangekosa pa kwenda.

Nilikuwa upande wake, ila kimya kimya. Nani anataka kufukuzwa kazi?

Sasa kwetu karatasi hatuna habari nazo. Unaokota jiwe lako, unaingia nyuma ya turubai, unakuta viroba vitatu vyenye vitambaa vya rangi tofauti, unatumbukiza kwa unayemtaka. Siri kabisa.

Siku hiyo waliokuwa chini walichelewa kupanda, kamati ikasema tutahesabu kesho. Viroba vikashonwa, vikapelekwa pale tunapoweka viroba vyote vya mawe.

Karashani, wakuu. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka!

Asubuhi fundi wa karasha kafika wa kwanza, kakuta kiroba cha mawe mbele ya mashine. Akafanya anachofanya kila siku.

Tulipofika, kura za Mama Nkwimba zilikuwa unga.

Fundi aliapa mpaka machozi yakamtoka, kwamba kitambaa kilikuwa kimelaliwa na kiroba, hakukiona. Mimi namwamini, ingawa wapo wanaosema alitumwa na Luhende. Na waliopiga kura hakuna aliyewahesabu, kwa hiyo huwezi hata kutoa upate za mama.

Viroba viwili vilivyobaki vikahesabiwa, vikapishana kidogo sana. Kamati ikakuna kichwa, ikaamua kila mtu apange mstari nyuma ya mgombea wake. Hadharani.

Nyuma ya turubai kila mtu shujaa. Niliwaona jamaa walioninong'oneza kwamba wamempa mama, wakijipanga kwa mabosi wao macho chini. Siwalaumu, wana watoto.

Mimi nikaenda kusimama kwa mama, nyuma ya mke wangu. Mzee Masanja aliniangalia tu.

Mstari wetu ulikuwa mfupi. Ile miwili mingine ilikaribiana mno, kamati ikahesabu, ikarudia, ikaanza kubishana yenyewe.

Hapo mama akasogea mbele. Hakupaza sauti.

"Nani kati yenu atasema mbele ya watu wote hawa kwamba mwalo hauuzwi? Watu wangu wanahamia kwake."

Luhende akatoa simu, akajifanya anasoma meseji. Mzee Masanja akakohoa.

"Mwalo hauuzwi."

"Shikamoo baba. Rudia, wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Tukahamia kwake wote, na huo ndio ukawa ushindi wa Mzee Masanja.

Tajiri alipokuja na nguzo za uzio, ni Mzee Masanja huyohuyo aliyemrudisha. Angefanyaje, na kila mtu alimsikia? Na winchi bado naendesha mimi.

Nilichojifunza: kura ya siri itunzwe mbali na mashine, hilo la kwanza. Lakini pia mgombea wa tatu msimcheke mapema. Wakati vigogo wanagombania kiti, yeye alijua anataka nini.

Hata hivyo roho iliniuma. Wiki ile nilimfuata mwaloni nikamwambia, mama, huenda ule unga ndio ulikuwa ushindi wako. Alikuwa ameinama anaosha, hakuacha.

"Baba Shija, kesho mkeo anaosha wapi?"

Nikamjibu, hapahapa.

"Haya, sogea basi, unanizibia maji."

Wakuu, wapo wanaosema alikosea, angedai uchaguzi urudiwe kwa siri. Wewe ungekuwa ndiye mama, ungefanyaje? Tupia maoni, matusi hapana.