Ubao wa Mlango wa Mama

Nakumbuka asubuhi niliyopigilia ubao wa jina juu ya mlango wa mama yangu, mwanangu, na kila mara ninyi vijana mnapoingia karakana yangu hapa Lushoto mkiwa na simu mkononi, asubuhi ile inanirudia. Mnanionyesha picha. Mnataka ubao wenye jina la ukoo, herufi za kujipinda, maua pembeni, ndege wawili, na vanishi ing'ae mpaka mgeni ajione uso. Mnauliza utakuwa tayari lini. Nami nawauliza swali mnaloliona la kizee: nyumba hiyo aliijenga nani? Juzi mmoja wenu alicheka akaniambia, "Mzee, wewe chonga tu." Nilimrudishia simu yake nikamwambia aje siku atakapokuwa na jibu. Wanasema fundi Shabani ana ukali. Sawa, ninao. Wewe sogeza hiyo randa, ukae kwenye benchi, nikueleze ukali huo ulikotoka.

Kwetu ni kijiji kimoja kilicho kwenye barabara ya kwenda Mtae, ile barabara ambayo mvua zikianza hata gari la mbao linalala njiani. Baba yangu, Mzee Shembilu, aliteremka Magoma kutafuta biashara nilipokuwa bado sijaota meno ya pili. Biashara akaipata, na mke mwingine akampata. Hakumpa mama talaka, wala hakurudi. Mama yangu, Mwanaidi, hakukaa kulia. Kaka yake alimkatia kipande cha ardhi upande wa juu wa shamba lake, naye akaanza kufyatua tofali. Alilima kabichi na njegere, akazibeba kichwani kwenda sokoni, akarudi na bati moja. Msimu mwingine bati jingine. Wanawake wenzake walipokuwa wakienda shuleni jioni kwenye kisomo cha ngumbaru, yeye alikuwa akisomba mawe ya msingi. Ndiyo maana nyumba ilisimama, na ndiyo maana mama hakujua kusoma. Hilo la mwisho uliweke akilini.

Nikakua, nikaletwa hapa mjini kujifunza useremala kwa Mzee Mhina, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi la mbao, na alikuwa na desturi moja iliyotuchosha sote tuliokuwa wanafunzi wake. Hakuchonga jina la mtu la kuwekwa mlangoni mpaka aende akaione nyumba, aamkiane na wenyeji, na aulize tofali zilisombwa na nani. Tulimcheka kichinichini. Tulisema mzee anatafuta chai ya bure.

Mimi nilikuwa na kidonda changu. Pale kijijini vijana wenzangu waliniita mtoto wa mama. Wakigombana nami kwa jambo dogo tu, walinitupia hilo. Nilipofikisha miaka ishirini na mikono yangu ikawa imeshaizoea patasi, niliona nimepata dawa. Nitachonga ubao mzuri kuliko zote zilizowahi kuonekana barabara ile, na juu yake nitaandika jina la baba. Nilitaka wapitao wajue kwamba hata mimi nina kwa baba. Hakuna kingine, mwanangu. Nilimwonea aibu mama aliyenilea, nikajivunia baba aliyenitupa.

Mzee Mhina aliona penseli yangu inavyopita kwenye ubao, akaja akasimama nyuma yangu.

"Shabani, tofali za nyumba hiyo alisomba nani?"

"Mama, fundi."

"Na jina hilo ni la nani?"

"La baba. Mtoto ni wa ukoo wa baba, fundi."

Alikohoa kwanza. "Ukoo unao kwenye damu yako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini huo ni mlango. Ukiandika jina la mtu mlangoni, umemkabidhi nyumba. Futa."

Nikamjibu kwamba nyumba ni ya kwetu na ubao ni wa kwetu. Nilimjibu hivyo mtu aliyenifundisha kushika msumeno. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake, na hakulisema tena. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingevunjika la kwangu peke yangu.

Na ubao wenyewe ulitoka wapi? Mama alikuwa amenunua mbao mbili za mkulo, ule mti wa milimani unaonukia kama kafuri, ili nimtengenezee dirisha la chumba chake. Dirisha hilo lilikuwa limezibwa kwa gunia. Unaijua baridi ya huku mwezi wa saba. Nikamwomba ubao mmoja, ule ulionyooka zaidi, nikamwambia nataka kuandika jina la nyumba. Akafurahi. Alisema dirisha litangoja, yeye keshalizoea gunia.

Basi asubuhi hiyo nikapanda kwenye kigoda, nikapigilia misumari minne. Mama alisimama uani amejifunga khanga mbili kwa ajili ya ukungu, mikono kifuani. Nilishuka. Akatazama zile herufi muda mrefu, kisha akaniuliza, "Umeandikaje?"

Ubao ulisema: NYUMBA YA MZEE SHEMBILU NA FAMILIA YAKE.

Nikamwambia, "Nimeandika nyumba yetu, mama."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikwenda miaka saba. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kwenye shughuli zake, mama alipanda kwenye kile kigoda akausugua ubao kwa kitambaa na mafuta yake ya mgando, yale yale aliyojipaka mikononi, ili usipasuke kwa jua. Majirani waliojua kusoma walisoma, wakadhani ametaka mwenyewe. Wakamsifu kwa subira, wakamwambia wewe ndiye mke, mwingine hata mlango angeufunga. Yeye akadhani wanaisifu nyumba, akawashukuru. Kila nilipokuja nyumbani na kumkuta anasugua, nilipitia mlango wa jikoni. Na lile dirisha, mwanangu, nilikuwa bado sijalitengeneza. Kila nikija nilikuwa na haraka.

Mwaka wa saba baba akafariki huko Magoma. Nilikwenda kuzika. Wanawe wa kule walinipokea vizuri, na mkubwa wao, Salimu, alilia begani kwangu. Baada ya arobaini nikawakaribisha wapande mlimani wamsalimie mama yangu. Mama akachinja jogoo. Walipofika uani, waliamkia, wakapokewa mizigo, kisha Salimu akainua macho juu ya mlango akasoma. Akasoma tena. Wakati wa kula hakuzungumza sana. Walipokuwa wanaondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba alituambia huku hakuacha kitu."

Nikampa mkono wa kwaheri. Ningeweza kusema pale pale, ndugu yangu, ubao huo niliuchonga kwa ujinga, nyumba ni ya mama. Lakini nilikuwa nimemwonjesha mtu heshima ya baba yetu, nikaona haya kumnyang'anya. Mwezi haukuisha, wito wa baraza la kata ukaja. Salimu na nduguze walitaka nyumba ya marehemu igawanywe kwa warithi wake.

Sina lawama kwa Salimu. Watu hawaniamini nikisema hivi, lakini yeye alisoma nilichoandika, akakiamini.

Wazee wa baraza walikuja kuiona nyumba kwa macho yao. Mama aliwatandikia mkeka na kuwapa chai. Akawaeleza bila wasiwasi: ardhi alipewa na kaka yake, tofali alifyatua mwenyewe, marehemu mume wake hakuwahi hata kulala humo siku moja. Kaka yake alikuwa ameshakufa, na karatasi haikuwepo, maana nani kwetu alikuwa akiandikiana karatasi na dada yake? Mwenyekiti akamwuliza kama hana la kuongeza. Mama akasema, "Hata ubao umeandikwa. Someni."

Katibu akasimama akausoma kwa sauti.

Mama akamwomba arudie, naye akarudia. Kisha mama akageuka akanitazama. Hakukunja uso. Alinitazama namna unavyomtazama mtu uliyemfananisha, halafu ukagundua si yeye.

Hapo ndipo nilipopata ulimi. Nikawaambia kila kitu: kwamba niliandika mimi, kwamba mama hakujua, kwamba nilimdanganya. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kijana, unasema miaka saba umeacha uongo juu ya mlango wa mama yako, na leo unataka tukuamini?" Majirani waliitwa mmoja mmoja. Waliokumbuka tofali walikuwa wachache na wazee. Waliobaki walisema wao tangu wapate akili wanaijua kama nyumba ya Mzee Shembilu, kwa sababu imeandikwa.

Nyumba ikaamuliwa kuwa ya marehemu. Mama akapewa fungu la mjane katika nyumba aliyoijenga kwa kichwa chake, nami fungu la mtoto, na kwa kuwa chumba hakikatwi vipande, ikauzwa. Nilimsihi tukate rufaa. Alisema magoti yake yamekwisha kwa kupanda na matofali, hana ya kupandia ngazi za ofisi. Aliyeinunua alikuwa mtu wa kutoka bondeni, hana ubaya wowote. Jambo la kwanza alilofanya ni kutia dirisha la vioo kwenye kile chumba cha mama.

Mchuma janga hula na wa kwao. Nilimchukua mama nikaja naye hapa, chumba cha nyuma ya karakana hii, pale unapoona nimepanga mbao. Hakuninunia. Alinipikia, aliniitikia shikamoo yangu kila asubuhi, aliniombea nikiugua. Lakini mwanangu, tangu siku ile mpaka anafariki, hakuniomba tena nimsomee kitu. Akija na cheti cha dawa kutoka hospitali, alitoka nacho, akavuka ua kwa mkongojo wake mpaka kwa jirani yetu Mama Neema, akaomba asomewe. Nami nimekaa hapo hapo, kwenye benchi hili uliloketi, penseli iko sikioni.

Siku moja sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, nitakuchongea ubao mwingine. Nitaandika jina lako peke yako."

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Utaupigilia wapi?"

Nilichonga siku alipokufa. Ule ubao wa pili wa dirisha nilikuwa ninao bado, umeegemea ukutani tangu ujana wangu, na nilipoupitisha randa ulinukia kama ule wa kwanza. Nikaandika MWANAIDI. Mzee Mhina hakuwepo tena kuniuliza maswali yake, nikajiuliza mwenyewe na kujijibu. Nikausimamisha kichwani pake, kaburini. Huo ndio mlango pekee wenye jina la mama yangu, na kila Ijumaa ninakwenda kuupaka mafuta. Majuto ni mjukuu, ndivyo wasemavyo. Huyu wangu nimeshampakata miaka mingi sana.

Sasa sikia, maana umenisikiliza vizuri kuliko yule wa juzi. Kabla hujataka jina mlangoni, keti na waliojenga. Uliza ni nani alifyatua, nani alisomba maji, ni nani alilala na gunia dirishani ili wewe usome. Huyo aanze kuandikwa, hata kama jina lake ni fupi na halipendezi kwenye picha. Asiyejua kusoma, msomee kweli, kwa sababu amekukabidhi macho yake. Ukikosea, futa siku hiyo hiyo, ungali na penseli mkononi. Na ukiwa na mama anayeomba dirisha, mwanangu, tengeneza dirisha kwanza.

Nenda nyumbani ukaulize, kisha uje na jina nikuchongee. Mungu akupe nyumba isiyoingiwa na baridi, akupe na waliokulea wakiwa hai, waketi ndani yake wakiona jina lao, wewe ukiwasomea nao wakikuamini.