Mustari Mufupi wa Papa Ferdinand

Papa Ferdinand Sibomana ni mutu wa maneno mengi, tusifichane. Ukimusalimia asubuhi, jiandae kusikia habari za mbuzi wake, za magoti yake, na za baridi ya Masisi alikozaliwa. Akiombea chakula, fufu inapoa. Bibi yake, Mama Élisabeth, humukanyaga muguu chini ya meza ili aseme amina.

Lakini akisifu ng'ombe wa dot, yaani wa mahari, mutu huyu hupima neno. Hapa Goma, familia za kwao zikipeleka dot, musifu husimama mbele ya wakwe na kuwasifu ng'ombe kwa shairi, hata kama ng'ombe wenyewe wamebaki malishoni. Shairi likiisha, upande wa binti hujibu kwa sauti moja: "Aingie!" Wasipojibu, dot haijapokelewa, na kijana anarudi kwao bila bibi.

Safari hii kijana alikuwa Moïse, mutoto wake wa pekee. Kwa kuwa baadhi ya wakwe hawasikii Kinyarwanda, Ferdinand alitunga kwa Kiswahili. Alizunguka uani akinung'unika peke yake, majirani wakadhani ni malaria.

*Mulimani anashuka, mwendo muzito wa ngoma,*
*Mutoni anapopita, maji nayo yanakoma,*
*Kwenye mulango wa mama, anainama kuhema.*
*Amefika.*

"Sikia," alimuambia Élisabeth. "Ile mitatu ya kwanza inatembea polepole. Mudomo unafunga, mmm, mmm, ng'ombe mwenyewe analia. Halafu, Amefika. Fupi! Kwato imegonga mulango. Mutu akisikia vile atajibu hata kama hakutaka."

"Ungeongea hivyo hapa nyumbani," alisema bibi yake, "ningenenepa."

Siku ya dot, mudogo wake Théogène, mufanyabiashara wa Bunagana aliyetoa ng'ombe mumoja, akamuvuta pembeni. "Mukubwa, jina langu liko wapi ndani ya shairi?" Hapo ndipo Ferdinand alipoharibu. Aliona haya kumunyima ndugu yake.

Mbele ya wakwe alikwenda vizuri mpaka Amefika, halafu kwa pumzi ileile akaendelea: "Amefika kwa nguvu ya ndugu yetu mupendwa Théogène wa Bunagana, pamoja na bibi yake na jamaa yote!"

Hakuna aliyejibu, maana nani angejua kama ameisha? Kama yuko Théogène, basi wengine wanakuja. Shangazi mumoja wa Kiwanja akasimama. "Na miye niliyeleta maharagi?" Mwenye kukodisha viti naye akanyoosha shingo.

Mukamugema, nyanya ya binti, ndiye aliyepaswa kuanzisha jibu. Akasonya mpaka hema zima likasikia. "Hii si ng'ombe, ni tangazo la musiba! Huyo ng'ombe wenu amefika ao angali mupakani kwa douane, analipishwa ushuru? Uwimbabazi, rudi ndani, mutoto wangu."

Binti, aliyekuwa amesimama mulangoni, akageuka kwa shida. Moïse akawa rangi ya majivu.

"Mama, nihurumie, mara moja tena," Ferdinand akaomba.

"Upesi, Papa."

Akaanza upya. Ng'ombe akashuka mulimani, akapita mutoni, maji yakakoma. "Kwenye mulango wa mama, anainama kuhema…" Hapo macho yake yakamuangukia Moïse akifuta jasho kwa mukono wa koti la kuazima, na machozi yakamutoka. Leo anaapa alinyamaza kwa kusudi. Uongo mutupu! Mutu alikuwa analia. Mustari wa mwisho ulikataa kutoka.

Ng'ombe yuko pale mulangoni, ameinama, anahema, na hakuna wa kumufikisha. Shangazi wa Kiwanja alisahau maharagi yake. Mukamugema akajigeuza kwenye kiti. Akauma mudomo. Akatazama juu, akatazama chini, akapiga fimbo yake kwenye mawe ya volkano. Maskini, ikamushinda.

"Amefika, jamani!" akapaza sauti. "Si amefika? Aingie!"

"Aingie!" wakaitikia wote, na vigelegele vikapanda.

Mukamugema akafunika kinywa kwa mukono, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, tena kinywani mwake mwenyewe. Akageuka kumutafuta mujukuu wake. Uwimbabazi hakuwa mulangoni tena. Alikuwa amesimama kando ya Moïse, amemushika mukono, na hakuna aliyemuona akivuka.